Kipimo cha Utumbo Mpana: Usingizi, Presha na Maneno ya Mtaani

Mtu akiambiwa atapimwa utumbo mpana kwa kamera, kwanza huona aibu, kisha huogopa sindano ya usingizi. Presha huikumbuka pale muuguzi anapomfunga mkanda mkononi, na hapo amechelewa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya kuiweka sawa ilikuwa kazi ya nyumbani, jana yake.

"Ni lazima upigwe nusu kaputi"

Si lazima. Nusu kaputi yenyewe, ile ya kuwekewa mpira wa kupumulia kooni, ni nadra kwa kipimo hiki. Wengi hupewa dawa ya kutuliza: midazolamu, mara nyingi pamoja na dozi ndogo ya fentanili au pethidini kwa ajili ya maumivu. Unasinzia, ukiambiwa ugeuke ubavu unageuka, ukiulizwa unajibu. Baadaye hukumbuki mengi, kwa kuwa midazolamu hufuta kumbukumbu za muda ule. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba alilala fofofo, kumbe alikuwa akipiga soga na muuguzi.

Wengine hupewa propofoli, ambayo humlaza mtu ndani ya dakika moja hivi na kuisha nguvu dakika chache baada ya kusimamishwa. Nchini Norway wapo wengi wanaopimwa bila kutulizwa kwa dawa yoyote, na Uingereza wako wanaochagua kuvuta gesi, nusu oksijeni na nusu naitrasi oksaidi. Kwetu uchaguzi huo hutegemea hospitali ina nini na ina nani, maana wataalamu wa usingizi Afrika Mashariki ni wachache.

"Si ndiyo dawa iliyomuua Michael Jackson?"

Ndiyo, ni propofoli hiyohiyo. Ila alikuwa akipewa nyumbani kwake Los Angeles ili apate usingizi wa usiku, bila vifaa vya maana vya kumfuatilia, na alipofariki tarehe 25 Juni 2009 daktari wake alishtakiwa, akatiwa hatiani mwaka 2011 kwa kuua bila kukusudia. Chumba cha kipimo hakipaswi kufanana na chumba kile hata kidogo. Oksijeni iko puani, kifaa cha kupima oksijeni ya damu kimebana kidole, mkanda wa presha unajaza upepo kila baada ya dakika tatu hadi tano.

Hofu yenyewe ina chembe ya ukweli, tena tusiifiche. Propofoli hulegeza mishipa ya damu, hivyo presha hushuka, na haina dawa ya kuitengua. Midazolamu ikizidi ipo flumazenili, na fentanili ikizidi ipo naloksoni. Propofoli unaisimamisha na kumsaidia mgonjwa kupumua hadi iishe yenyewe. Kwa hiyo mimi nisingeuliza sana jina la dawa. Ningeuliza: wakati macho ya daktari yapo kwenye skrini ya utumbo, nani atakuwa ananiangalia mimi? Asipokuwepo mtu wa kazi hiyo tu, propofoli isianzishwe.

"Umefunga kula, basi acha na vidonge vya presha"

Huu ndio ushauri wa mtaani unaonikera kuliko yote, kwa sababu unafuatwa na watu makini kabisa. Vidonge vya presha si kitu kimoja.

Anayetumia atenololi, propranololi au kavediloli akiacha ghafla, mapigo ya moyo yanaweza kwenda mbio na presha kuruka juu, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza hata kupata maumivu ya kifua. Hizo kwa kawaida humezwa asubuhi ya kipimo kwa maji kidogo, na amlodipini vilevile. Klonidini nayo haiachwi ghafla.

Vidonge vya kukojoza, kama furosemaidi na haidroklorothayazaidi, ni habari nyingine. Mtu anayeharisha usiku kucha kwa dawa ya kusafisha tumbo hana maji ya ziada ya kupoteza, kwa hiyo madaktari wengi huvisimamisha kwa muda huo. Losatani, enalaprili na lisinoprili ziko katikati: hospitali nyingi huagiza dozi ya mwisho iwe saa 24 kabla, hasa ikipangwa propofoli, kwa sababu mwili ukiwa na dawa hizo hupata shida kupandisha presha ikishuka. Kuna pia vidonge viwili vilivyobanwa ndani ya kimoja, losatani na dawa ya kukojoza, na mgonjwa hajui. Beba pakiti zote uende nazo siku ya kupangiwa tarehe, daktari aandike kwenye karatasi kipi kinamezwa na kipi kinasubiri.

"Presha imeshuka, wamemzidishia usingizi"

Inawezekana, lakini mara nyingi dawa imemkuta mtu tayari amekauka. Anaambiwa anywe maji, yeye anakunywa ile dawa ya kusafisha tu, tena kwa kukunja uso, halafu anajinyima kila kitu "ili nisichafue". Chai ya rangi, supu iliyochujwa na maji ya chumvi na sukari wanayopewa wenye kuhara (ORS) vinaruhusiwa, na katika hospitali nyingi unaweza kuendelea na vinywaji vya namna hiyo hadi zibaki saa mbili kipimo kianze. Juisi ya rozela iache, wekundu wake hudhaniwa damu. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize kwanza kiasi cha maji, na aliye na figo mbovu asijinunulie dawa za kusafisha zenye sodiamu fosfeti.

Kuna sababu nyingine isiyohusu dawa kabisa. Kamera inapopinda kona au hewa inapoujaza utumbo, mshipa wa fahamu uitwao vegasi huchokozeka. Mapigo ya moyo hupungua, presha huanguka, jasho jembamba humtoka mgonjwa. Daktari husimama, hutoa hewa, huiachia dripu, na ikibidi huchoma atropini, dawa ya kuharakisha mapigo ya moyo. Wengi hurudi sawa muda si mrefu.

"Kwa mwenye presha, bora bila dawa yoyote"

Kwa baadhi, sawa. Lakini maumivu na woga hupandisha presha, na vegasi hachagui aliyelala na aliye macho. Mwoga aliyejikaza meno si salama kuliko aliyetulizwa vizuri.

"Presha ikiwa juu asubuhi hiyo, umerudishwa"

Presha ya 150 au 160 kwa mtu aliyekesha chooni haishangazi. Huachwa apumzike, apimwe tena. Ikibaki 180 kwa 110 au zaidi, na kipimo si cha dharura, wengi huahirisha.

"Nimeshaamka, naenda zangu na bodaboda"

Usiende peke yako. Kuendesha gari, kusaini mikataba na kunywa pombe vyote visubiri saa 24.

"Mambo yangu ya starehe hayamhusu daktari"

Yanamhusu sana. Mirungi hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mvutaji wa bangi na mnywaji wa kila siku mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko inavyotarajiwa, na mtoa dawa asiyejua atakuwa akibahatisha. Anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini aseme pia, hata kama ni mwenzi wake tu ndiye anayelalamika. Ukiona haya kuyasema mbele ya mtoto aliyekusindikiza, omba atoke nje kidogo.