Kaldera si kreta kubwa

Binamu yangu amerudi kutoka likizo Ngazija, Komoro, na picha nzuri mno: milangilangi iliyochanua mashambani, msitu uliofunikwa na ukungu, mawe meusi ya zaha, na mwisho yeye mwenyewe juu ya Karthala, volkano ya mita 2,361. Chini ya picha hiyo ameandika: "Ukingoni mwa kreta." Ni mtu wa tatu sasa. Pale aliposimama ni ukingoni mwa kaldera.

Kreta, au kasoko, ni mdomo wa volkano, tundu linalotoa zaha, majivu na gesi. Kaldera ni bonde linalobaki baada ya mlima kutitia.

Nawaelewa wanaochanganya, maana majina yote mawili ni ya vyombo. Kreta imetoka Ugiriki ya kale, ambako lilikuwa bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji. Kaldera ni Kihispania: sufuria kubwa ya kuchemshia. Ukisikia bakuli na sufuria, utadhani zinapishana ukubwa tu. Aliyelieneza neno kaldera katika jiolojia ni Mjerumani Leopold von Buch, aliyefika Visiwa vya Kanari mwaka 1815 na kukuta bonde la La Palma likiitwa Caldera de Taburiente. Bonde hilo lenyewe limechongwa na maporomoko na mmomonyoko, halikutitia. Mkanganyiko ulianza na jina.

Tofauti iko kwenye chanzo. Kreta hutobolewa kutoka chini. Kaldera huporomoka kutoka juu: magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikitoka kwa wingi, chumba chake hubaki kitupu, na mlima hudidimia kama dari iliyoondolewa nguzo.

Karthala inavyo vyote viwili, ndiyo maana nimeshikilia. Kaldera yake ni kama kilomita 3 kwa 4, na ndani yake imo kreta ya Chahalé. Mlipuko wa 2005 ulimwaga majivu vijijini hadi maji ya mvua kwenye matangi yakachafuka.

Ngorongoro nayo, tuliyozoea kuiita kreta, ni kaldera. Hilo limeshakuwa jina la mahali, sidai libadilishwe. Ila wewe, binamu, picha iache, badilisha neno moja tu. Kreta ni lile shimo linaloonekana kule chini, nyuma ya bega lako la kushoto.