Pointi za LEED zinavyopotelea kwenye ardhi inayojengeka

Wengi wakileta hesabu ya msongamano wa majengo ili wapate pointi za LEED (mfumo wa kutoa vyeti kwa majengo yanayojali mazingira), jumla ya eneo la sakafu za majengo wameipata vizuri tu, shida iko kwenye namba ya chini, ile ardhi unayogawanyia. Huwezi kugawanya kwa ardhi yote jamani, ni ile inayojengeka peke yake.

Iko hivi, unachukua ramani unapima mita 400 kuanzia mpaka wa kiwanja chako (mpaka, sio katikati, hapo watu wanapapita haraka sana), alafu kila kilichomo humo ndo eneo lako la hesabu. Humo unatoa barabara za umma pamoja na hifadhi yake, unatoa na ardhi ambayo sheria iliyoandikwa imekataza isiendelezwe, labda kingo za mto. Basi.

Tuseme eneo lote ni hekta 60, barabara zimekula 18, na 5 umeandika zimezuiwa na sheria, zinabaki 37. Sakafu zote ukijumlisha ni mita za mraba 190,000. Ukigawanya kwa 60 inakuja kama 3,170 kwa hekta na unakata tamaa bure, ukigawanya kwa 37 inakuja 5,135, na kiwango cha kuanzia cha LEED v4 (toleo la nne) ni 5,050, kwahiyo umepita. Sasa ngoja mkaguzi aulize zile hekta 5 zimezuiwa na sheria ipi, ikaonekana hekta 1 ni bustani ya jirani tu, kaamua mwenyewe asijenge. Hiyo inarudi kwenye hesabu, maana ardhi iliyoachwa kwa hiari bado inajengeka, unagawanya kwa 38 na jibu ni 5,000 kamili, umekosa.

Mi naona dawa ni kila kipande unachotoa kiwe na kifungu chake cha sheria pembeni kwenye ramani, kisichokuwa nacho kirudishe kabla hujaulizwa.

Paking za ghorofa nazo usizijumlishe kwenye sakafu, hata kama jengo la paking ni refu kuliko yote mtaani. Na kama ramani yako iko kwa eka na futi, kiwango hicho hicho ni futi za mraba 22,000 kwa eka moja, chagua kipimo kimoja uende nacho mpaka mwisho.