Je, wajua kwa nini rapa Timbuktu wa Uswidi aliingia redioni na jukwaani wakati muziki wake bado unatamba?

Rapa akishaanza kutangaza redioni, halafu akatoa kitabu, halafu ukamkuta ukumbini anasimulia maisha yake mbele ya watu waliokaa kwenye viti, wengi wanakuwa na jibu tayari: huyo muziki umemshinda. Jason Diakité, anayejulikana kama Timbuktu, amepitia njia hiyo hiyo na maelezo hayo hayamfai hata kidogo.

Jina lake nalo linapoteza watu, maana Timbuktu ni mji wa Mali, ukilisikia unaweza kudhani katokea huko. Kazaliwa Lund, kusini mwa Uswidi, mwaka 1975, na wazazi wake wote wawili ni Wamarekani, baba mweusi mtu wa Harlem, mtaa wa New York, na mama mzungu. Anarap kwa Kiswidi cha jimbo la kwao, Skåne, ile lafudhi ambayo herufi "r" inatokea nyuma kooni, ukiisikia mara moja unajua kabisa huyu sio wa Stockholm.

Sasa hilo la kushindwa. Angalia miaka tu. Mwaka 2003 katoa albamu ya The Botten Is Nådd, 2005 ikaja nyingine iliyobeba "Det löser sig", wimbo uliompeleka hadi kwa watu ambao rap sio yao kabisa, kisha akaendelea kutoa albamu 2007, 2011 na 2014, huku akizunguka na bendi ya Damn! ambayo ina wapiga tarumbeta na kila kitu. Kazi ya redio imeingia humo humo katikati, hakusubiri mashabiki wapungue ndipo aombe maiki ya kutangazia. Kitabu kimekuja 2016. Kwa hiyo hakuna siku ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema hapa ndipo alipoacha rap, na hata wanaosema "alihama" naona wanakosea, kwa sababu kuhama ni kuondoka sehemu moja kwenda nyingine na yeye aliongeza vyumba kwenye nyumba ile ile.

Basi kwa nini aongeze? Sababu moja ni soko. Uswidi ina watu milioni 10 na kidogo, na ukirap kwa Kiswidi wasikilizaji wako karibu wote ni hao hao, kwa hiyo msanii wa huko anafanya kazi zaidi ya moja na hakuna anayemshangaa. Dogge Doggelito wa kundi la The Latin Kings, hao waliotikisa 1994 na rap ya Kiswidi cha mitaa ya pembezoni, mwaka 2004 alitoa kitabu cha msamiati wa mitaani pamoja na mwanaisimu Ulla-Britt Kotsinas. Ken Ring, rapa mwenye asili ya Kenya, mwaka 2013 alikaa kwenye kipindi cha televisheni cha Så mycket bättre ambacho wasanii wanaimba nyimbo za wenzao.

Ila soko peke yake halielezi kwa nini rapa anafaa redioni, na hapa ndipo utamu ulipo. Fikiria watu wawili wanatwanga kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Mmoja akipandisha mwingine anashusha, wakikosea hata kidogo michi inagongana. Biti ni mchi wa kwanza, maneno ya rapa ni mchi wa pili, na miaka yote anajifunza kuingiza neno kwenye ile nafasi ndogo iliyoachwa, wapi avute pumzi, wapi achelewe makusudi. Sasa mwondoe yule mwenzake. Anayebaki haanzi kutwanga ovyo, mkono wake umeshashika mwendo, ataendelea vile vile na hata kile kimya cha katikati utakisikia kiko mahali pake. Rapa akiongea bila biti ndio hicho kinachotokea. Sisemi kila rapa anaweza, wapo ambao biti ikizimwa nao wanazimika, lakini Timbuktu unamsikia kabisa.

Na Uswidi kuna mahali pa kuutumia mwendo huo. Redio ya umma, Sveriges Radio, haichezi matangazo ya biashara, kwa hiyo inaweza kumpa mtu mmoja saa nzima na zaidi. Sommar i P1 iko hewani tangu 1959, mtu mmoja anaongea na kupiga nyimbo alizochagua mwenyewe kwa karibu dakika 90. Halafu kuna Musikhjälpen iliyoanza 2008, wazo lilitoka Uholanzi, watangazaji watatu wanafungiwa kwenye chumba cha kioo katikati ya mji saa 144 bila kula chakula kigumu, wananchi wanachanga pesa na kuomba nyimbo. Timbuktu amekaa humo pamoja na mchekeshaji Kodjo Akolor na mtangazaji Gina Dirawi. Siku sita za kuongea na njaa tumboni, hapo ndipo utajua nani ana pumzi!

Mwaka 2013 akasimama ndani ya bunge la Uswidi kupokea tuzo ya watu wanaopinga ubaguzi, hakuna bendi wala biti, na katika hotuba ile akainua pasipoti yake ya Uswidi watu waione. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo makubwa aliyowahi kufanya na maiki.

Kitabu chenyewe, En droppe midnatt, kinafuata ukoo wake kutoka Harlem hadi South Carolina kwenye historia ya utumwa, na baadaye akakifanya onyesho la jukwaani, anasimulia huku wanamuziki wanapiga. Kama Kiswidi hukijui, tafsiri ya Kiingereza imetoka 2020 kwa jina la A Drop of Midnight.