Rutuba haiuzwi kwa kilo

Mafinga, juzi, muuza miche alimwambia mama mmoja: "Mama, mforosadi huu hauhitaji rutuba, hata kwenye mchanga wa pwani unaota." Mama akachukua miche sita, kisha akauliza: "Na nikitaka kuongeza rutuba, kilo bei gani?" Nimeyasikia haya mara nyingi mno.

Rutuba ni uwezo wa udongo kuulisha mmea: virutubisho, maji, hewa na vijidudu vyake. Mbolea ni kile unachotia. Basi.

Maneno yenyewe yanatuambia hivyo. Rutuba tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni unyevu. Mpaka leo Waarabu wakitangaza hali ya hewa, rutuba ni unyevunyevu wa angani. Tende iliyoiva ikiwa bado laini na ina maji huitwa rutab, mzizi ni huohuo. Huenda waliolipokea neno hili waliuona udongo wenye uhai kuwa ni ule usiokauka, unaoshikamana kiganjani. Mbolea ni Kibantu, ndugu yake "bovu". Wabemba husema ukubola na Wanyarwanda kubora, yaani kuoza. Moja ni hali, jingine ni kitu kilichooza ukakitia shambani.

Ukiyachanganya unapoteza fedha. Udongo mwekundu wa Mufindi una uchachu, chai inaupenda. Panda mahindi hapohapo, tia DAP, mbolea ya dukani yenye kirutubisho cha fosforasi, na bado unaweza kuona majani yakigeuka zambarau ukingoni, kwa sababu chuma na alumini vya udongo vimeishika fosforasi, mmea hauipati. Mbolea imo, rutuba haipo. Hapo hutangulia chokaa, ya kupunguza uchachu. Nyuma ya nyumba yangu, chini ya mforosadi mzee, hakuna aliyewahi kumwaga hata kikombe cha mbolea ya dukani, lakini ukifukua majani yaliyooza unakuta udongo mweusi na minyoo.

Mforosadi kuota mchangani ni uvumilivu: mizizi yake hutafuta mbali na kuridhika na kidogo. Kuvumilia njaa si kutohitaji chakula.

Ndugu yangu wa miche, mteja mwingine akija mwambie, "Huu unavumilia udongo hafifu." Akiuliza bei ya rutuba, mwambie akusanye majani makavu na samadi iliyoiva, atandaze kuzunguka mche, asiigusishe na shina.