Je, Wajua Kwa Nini Miezi 12 Iliyo Sahihi Huweza Kuzaa Mwaka Usio Sahihi?

Mwenye biashara ndogo anayelipa mishahara kila mwezi bila kuchelewa, anayekata kodi na michango na kuiwasilisha panapohusika, ana haki ya kuuliza: ikiwa kila mwezi ulifungwa vizuri, kwa nini hesabu zote zifunguliwe tena mwisho wa mwaka? Jibu limo katika asili ya kodi yenyewe. Katika nchi nyingi kodi ya mapato hupimwa kwa kipato cha mwaka mzima, ilhali mshahara hulipwa kwa mwezi au kwa wiki. Kwa hiyo kinachokatwa kila siku ya malipo ni makadirio ya deni ambalo ukubwa wake haujulikani hadi mwaka uishe.

Utaratibu wa mwajiri kukata kodi hiyo si wa kale sana. Marekani iliueneza kwa wafanyakazi wengi mwaka 1943 na Uingereza mwaka 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati serikali zilipohitaji fedha nyingi kutoka kwa mamilioni ya watu wa kawaida ambao wasingeweza kulipa deni la mwaka kwa mkupuo mmoja. Jukumu hilo hadi leo humwangukia hata mwajiri mwenye wafanyakazi watatu, asiye na mhasibu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme sheria inasema kwamba sarafu 100 za kwanza za kila mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka, hazitozwi kodi, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 20. Kibarua wa msimu analipwa 200 kwa mwezi kwa miezi 6, kisha kazi inakwisha na hapati kipato kingine mwaka huo. Kila mwezi alikatwa 20, jumla 120, na kila mkato ulifuata sheria barabara. Hata hivyo kipato chake cha mwaka ni 1,200 tu, hivyo hakupaswa kulipa chochote. Nchini Uingereza mfumo wa kawaida hujumlisha mapato tangu mwanzo wa mwaka wa kodi kila siku ya malipo, na tofauti nyingi za namna hii hujirekebisha njiani. Mahali ambapo kila mwezi huhesabiwa peke yake, tofauti hubaki imejificha hadi mtu aitafute. Asipoitafuta mtu, mara nyingi anayeumia ni yule mwenye kipato kidogo kuliko wote kwenye orodha.

Kalenda nayo ina mchango wake. Wiki 52 ni siku 364, kwa hiyo kila mwaka hubakiza siku moja au mbili, na hizo zikirundikana huleta mwaka wenye siku za malipo 53 kwa anayelipa kila wiki, au 27 kwa anayelipa kila baada ya wiki mbili. Mwajiri aliyezoea kugawanya mshahara wa mwaka kwa 26 atajikuta amelipa fungu moja zaidi ya alilokubaliana na wafanyakazi wake. Linalofanana na hilo ni suala la tarehe: nchini Marekani, kwa mfano, mshahara wa kazi ya Desemba uliolipwa Januari huhesabiwa katika mwaka mpya, kwa kuwa kinachotazamwa ni siku mfanyakazi alipolipwa. Na mwaka wenyewe si lazima uishe Desemba; ule wa kodi wa Uingereza huisha tarehe 5 Aprili.

Yapo pia malipo yasiyopita kwenye orodha ya mishahara: fedha taslimu alizopewa mtu kama zawadi, nyumba anayokaa kwa gharama ya mwajiri, gari la kazi analolitumia nyumbani, mshahara aliopewa mapema kwa sababu ya dharura. Mengi ya haya huweza kuhesabiwa kuwa kipato, na katika biashara ndogo ndiyo husahaulika kwanza, kwa sababu yalitolewa kwa maneno tu.

Kiini cha kazi ya kufunga mwaka ni kulinganisha jumla tatu: ya hati zote za mishahara, ya akaunti ya mishahara kwenye leja (daftari kuu la hesabu za biashara), na ya taarifa zilizowasilishwa kwa mamlaka ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii. Zisipolingana, kuna njia ya zamani ya wahasibu inayookoa saa nyingi. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 5,400 iliyoandikwa 4,500 huacha pengo la 900, na 83 iliyoandikwa 38 huacha pengo la 45. Isipogawanyika hivyo, itafute nusu yake, kwa maana kiasi kilichoingizwa upande usio wake wa leja huleta pengo lililo mara mbili ya kiasi chenyewe.

Kazi hii ianze kabla ya malipo ya mwisho ya mwaka, wala isingoje yapite. Kosa likionekana mapema, aghalabu hurekebishwa ndani ya mshahara huo wa mwisho; likionekana baadaye, huenda taarifa zilizokwisha kuwasilishwa zikalazimika kusahihishwa. Huo ndio wakati pia wa kuhakiki majina, namba za mlipa kodi na anwani, hasa za walioacha kazi katikati ya mwaka, ambao hati zao za mwaka bado zinadaiwa.

Mwaka mpya unapoanza, jumla za mapato na makato ya kodi hurudi sifuri na viwango vipya, kama vipo, huingizwa kabla ya malipo ya kwanza. Salio la mkopo wa mfanyakazi halirudi sifuri pamoja nazo, wala siku za likizo ambazo sheria au mkataba unamruhusu kuzihamisha. Hizo huandikwa upya kwa mkono au kwa programu, kila moja kwa jina la mwenyewe.