Je, wajua? Upande upi wa negativu uielekee lenzi unapoiskani?

Chukua mkanda wa negativu wa milimita 35, yaani filamu ya kamera iliyokwisha kusafishwa, uuinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja unameta. Wa pili umefifia. Huo uliofifia ndio wenye picha: ni utando wa jelatini, kitu kinachopikwa kutokana na mifupa na ngozi za wanyama, ulioshika chembe za fedha au rangi. Unaometa ni plastiki tupu inayoubeba. Ukiona namba na herufi za pembeni zinasomeka sawasawa, plastiki ndiyo inayokutazama.

Kwa miaka mingi ningekujibu bila kusita kwamba picha iielekee lenzi, kwa sababu ukiigeuza, skana italazimika kuchungulia kupitia plastiki, na plastiki itaififisha. Maelezo hayo yanaingia akilini vizuri sana, ndiyo maana yalinikaa muda mrefu. Lakini mwanga hupita kwenye mkanda mzima vyovyote utakavyouweka. Tofauti ni kama utaikuta plastiki kabla ya picha au baada yake. Plastiki yenyewe ina unene wa takriban milimita 0.13 na ni angavu. Lenzi ya skana nayo ni vipande kadhaa vya kioo, wala hatuilalamikii. Siku niliyougeuza mkanda kisha nikarekebisha fokasi upya, tofauti niliyokuwa nikiihubiri sikuiona tena.

Kumbe kinachobadilika ni umbali. Tumbukiza sarafu kwenye beseni la maji uitazame kutoka juu: inaonekana imepanda, kana kwamba maji yamepungua kina. Plastiki nayo huipandisha picha iliyo nyuma yake, kwa karibu theluthi ya unene wake, yaani milimita 0.04 hivi. Basi ukigeuza mkanda, picha inarudi nyuma milimita 0.13 na "kupandishwa" 0.04, hivyo kwa jicho la lenzi imesogea kama milimita 0.09. Ni kidogo kuliko unene wa karatasi ya kawaida. Hata hivyo, anayepiga negativu kwa kamera na lenzi ya kukuza vitu vidogo hana nafasi kubwa zaidi ya hiyo kabla ukali haujaanza kupotea. Akirekebisha fokasi, tatizo limekwisha. Skana isiyorekebishika ndiyo yenye mashaka, na hapo kugeuza kunaweza kuharibu au hata kusaidia, kutegemea kiwandani walilenga wapi.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Jelatini ikikauka husinyaa kuliko plastiki, ikauvuta mkanda ujikunje kama jani la mgomba juani. Tumbo hilo huweza kufika nusu milimita au zaidi, mara kadhaa ya ule unene tuliokuwa tukiugombania. Ukigeuza mkanda, tumbo linageukia upande mwingine: katikati palipokuwa mbali na lenzi panakuwa karibu. Kwa hiyo mtu akikuambia upande fulani "una ukali zaidi", muulize kwanza kama mkanda ulikuwa umenyooka.

Mkanda ukilala moja kwa moja juu ya kioo, upande unaometa huzua pete za Newton, miviringo ya rangi kama ya petroli kwenye dimbwi la barabarani. Upande wa picha una mparuzo kidogo, hivyo pete hizo huwa adimu.

Baadhi ya skana za mezani huelekeza upande unaometa ukae chini, iliko lenzi, ndani ya fremu inayouinua mkanda juu ya kioo, ili picha itoke bila kugeuka. Ukiweka kinyume chake, igeuze kwenye programu. Nukta hubadilishana nafasi tu, hakuna kinachopotea. Mimi nilisahau mara moja, nikamkabidhi shangazi picha ya harusi ambayo jina la kanga yake linasomeka kinyumenyume. Ameitundika sebuleni hivyo hivyo.