Nani Aliweza Kuwa Mbunge katika Koloni la Rasi, 1854–1910

Kwa kuwa ninafundisha historia ya mabunge ya kikoloni, wasomaji wa Afrika Mashariki huniuliza mara kwa mara iwapo palikuwa na bunge lolote la walowezi barani mwetu, katika karne ya 19, ambalo Mwafrika aliruhusiwa kisheria kugombea kiti chake. Swali hilo lina msingi. Mabaraza ya Kutunga Sheria tuliyoyarithi huku kwetu yaliwagawa watu kwa rangi waziwazi: lile la Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944 tena kwa kuteuliwa. Lakini Cape Town, mji mkuu wa Koloni la Rasi kusini mwa Afrika, zaidi ya nusu karne kabla ya baraza hilo la Kenya kuzaliwa, palikuwa na bunge la kuchaguliwa ambalo sheria yake haikutaja rangi ya mpiga kura wala ya mgombea.

Hata hivyo, tangu bunge hilo lilipofunguliwa mwaka 1854 hadi lilipokoma mwaka 1910, hakuna Mwafrika mweusi hata mmoja aliyewahi kuwa mjumbe wake. Wengi hulieleza jambo hili kwa neno moja, unafiki, kisha wakaishia hapo. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno, kwa sababu yanatuficha namna mlango ulivyofungwa hasa, yaani kwa marekebisho ya sheria yaliyokuja moja baada ya jingine, na mara nyingi yakija pale ambapo watu fulani walikuwa wamekaribia kuutumia.

Tuanze na sheria yenyewe. Koloni la Rasi, ambalo Waingereza walikuwa wamelitwaa kutoka kwa Waholanzi, lilipata baraza dogo la kuteuliwa mwaka 1834. Walowezi hawakuridhika nalo, na mwaka 1849, serikali ya London ilipotaka kuwashusha wafungwa kutoka meli ya Neptune ili wawe wakazi wa Rasi, wananchi wa Cape Town waligoma kuihudumia serikali mpaka meli ile ikaondoka na abiria wake mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Baada ya mgogoro huo, madai ya bunge la kuchaguliwa hayakuweza kuahirishwa tena. Katiba ilianza kutumika mwaka 1853. Aliyeiandika kwa sehemu kubwa ni Mwanasheria Mkuu William Porter, mzaliwa wa Ireland, ambaye alishikilia kwamba ni heri kumkuta mtu wa jamii ya Wakhoikhoi kwenye jukwaa la uchaguzi akimpigia kura mwakilishi wake kuliko kumkuta porini akiwa na bunduki begani. Maneno yale yalikuwa na uzito wa pekee wakati huo, kwa maana mwaka 1851 baadhi ya Wakhoikhoi wa bonde la Mto Kat walikuwa wameasi kwa silaha. Porter aliamini katika haki, lakini vilevile alikuwa akipiga hesabu ya usalama wa koloni.

Kiwango kilichowekwa kilikuwa hiki: mwanamume mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, raia wa Uingereza, aliyekaa kwa miezi 12 katika nyumba au shamba lenye thamani ya paundi 25, au aliyelipwa mshahara wa paundi 50 kwa mwaka, aliandikwa katika daftari la wapiga kura. Wapinzani walitaka kiwango kiwe cha juu zaidi ili kuwaweka nje watu wengi weusi na wa asili mchanganyiko, lakini London iliidhinisha paundi 25. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama ni kwamba kwa upande wa Baraza la Chini, ambalo ndilo lililokuwa na nguvu juu ya fedha, sifa za kuwa mbunge zilikuwa zilezile za kuwa mpiga kura, ukiondoa makundi machache kama vile watumishi wa serikali wenye mshahara na watu waliofilisika. Kwa maandishi ya sheria, fundi mweusi mwenye nyumba ya paundi 25 katika kijiji cha misheni angeweza kugombea dhidi ya mwenye shamba la maelfu ya kondoo.

Baraza la Juu lilikuwa habari nyingine. Humo mgombea alitakiwa awe ametimiza miaka 30 na awe na ardhi au majengo yasiyo na deni yenye thamani ya paundi 2,000, au mali ya jumla ya paundi 4,000. Wajumbe wake walikuwa 15 tu, 8 wa upande wa magharibi na 7 wa upande wa mashariki, na walikaa kwa miaka 10. Walikutana katika jengo la Mahakama Kuu ya zamani, ambalo hapo awali, enzi za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, lilikuwa nyumba ya kuwalaza watumwa wa Kampuni. Siwezi kuliandika jambo hilo bila kulisitia kidogo, kwa sababu utumwa katika Rasi ulikuwa umekomeshwa miaka 20 tu kabla ya hapo, na walikuwako wapiga kura mjini ambao wazazi wao walikuwa watumwa. Baraza la Chini lenye wabunge 46 lilikaa katika ukumbi wa karamu wa chama cha Freemason hadi jengo jipya la Bunge lilipofunguliwa mwaka 1885.

Wabunge wenyewe walikuwa wanasheria, wafanyabiashara, wenye magazeti na wakulima wakubwa. Mwakilishi wa mashariki alilazimika kufunga safari ndefu kwa meli au kwa farasi na kuiacha shughuli yake kwa miezi kadhaa, na posho iliyotolewa haikutosha kumfidia mtu asiye na kitega uchumi kingine. Malalamiko ya watu wa mashariki yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1864 kikao kizima kilifanyika Grahamstown. Kikwazo kingine kilikuwa lugha. Hadi mwaka 1882 Kiingereza peke yake ndicho kilichoruhusiwa bungeni, na kwa hiyo hata wakulima wa Kizungu wenye asili ya Kiholanzi, ambao walikuwa wengi miongoni mwa Wazungu wa koloni, walichagua mara nyingi mwanasheria wa mjini awasemee. Katika mwaka huo, kwa juhudi za Jan Hendrik Hofmeyr na wenzake, Kiholanzi kiliruhusiwa, na chama cha Afrikaner Bond kikaanza kupata nguvu bungeni. Mfano huu unaonyesha kwamba mwenye uwezo wa kusukuma aliweza kufunguliwa mlango. Kiixhosa, lugha ya Waafrika wengi wa mashariki mwa koloni, hakikupata mtetezi wa aina hiyo, na kanuni ya lugha ilibaki kuwa kizuizi kwa Mwafrika yeyote ambaye hakupitia shule za wamisheni.

Shule hizo, Lovedale ikiwa maarufu kuliko zote, zilitoa kizazi cha walimu, makarani na wachungaji waliojua sheria ya uchaguzi vizuri kabisa. Kufikia miaka ya 1880 walikuwa wameandikishwa kwa wingi katika majimbo ya mpaka wa mashariki. Mwaka 1884 mmoja wao, John Tengo Jabavu, alimfanyia kampeni mwanasheria kijana wa Kizungu, James Rose Innes, katika jimbo la Victoria East, na kura za Waafrika zikamwingiza bungeni. Mwaka huohuo Jabavu akaanzisha gazeti lake, Imvo Zabantsundu, kwa msaada wa marafiki zake wa kisiasa wa Kizungu. Mkakati wake ulikuwa kutumia kura za Waafrika kuwachagua Wazungu wenye msimamo wa haki badala ya kusimamisha mgombea Mwafrika. Nimeutafakari uamuzi huo kwa muda mrefu, na naona kwa hesabu za wakati ule ulikuwa na busara yake, maana mgombea mweusi angewaunganisha Wazungu wote dhidi yake kwa siku moja. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa: waliopaswa kuutetea mlango bungeni walikuwa watu ambao wao wenyewe hawakuuhitaji, na ulipoanza kufungwa, wengine kati yao walikubaliana na wabunge wenzao waliotaka ufungwe.

Kufungwa kwenyewe kulianza mwaka 1887. Baada ya maeneo ya Transkei kuunganishwa na koloni, serikali ya Waziri Mkuu Gordon Sprigg ilipitisha sheria iliyosema kwamba ardhi inayomilikiwa kwa pamoja kwa desturi ya kabila haihesabiwi katika kutimiza kiwango cha paundi 25. Rangi haikutajwa, ila kila mtu alijua ni nani anayemiliki ardhi kwa namna hiyo, na majina mengi ya Waafrika yakafutwa katika daftari. Mwaka 1892, Cecil Rhodes akiwa Waziri Mkuu kwa kuungwa mkono na Afrikaner Bond, kiwango kikapandishwa hadi paundi 75 na mwombaji akatakiwa aweze kuandika jina lake, anwani yake na kazi yake. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta kura ya siri. Rhodes mwenyewe alikuwa mbunge wa Barkly West, jimbo la machimbo ya almasi, tangu mwaka 1881 hadi kifo chake mwaka 1902.

Tukio ambalo naliona kuwa lenye ushahidi wa wazi zaidi, na ambalo halijulikani sana nje ya Afrika Kusini, lilitokea Cape Town mwaka 1893. Jiji lilikuwa na wabunge wanne katika Baraza la Chini, na kila mpiga kura alikuwa na kura nne ambazo aliruhusiwa kuzigawa apendavyo, hata kumpa mgombea mmoja zote nne. Utaratibu huo ulikuwamo tangu katiba ya 1853 na lengo lake lilikuwa kuwapa walio wachache nafasi ya kusikika. Sasa Waislamu wa Cape Town, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa na wafungwa walioletwa kutoka visiwa vya Indonesia na kwingineko, walikuwa na mtu waliyetaka kumsimamisha: Ahmed Effendi. Huyu alikuwa mwana wa Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Uthmaniya katika miaka ya 1860 kuwafundisha Waislamu wa Rasi dini yao, na ambaye aliandika kitabu cha fikihi kwa Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu. Wasomaji wa pwani, ambao babu zao waliandikiana barua na tenzi za Kiswahili kwa herufi hizohizo, bila shaka watalitambua jambo hilo.

Hesabu ilikuwa rahisi, nami nitaieleza kwa mfano wa kubuni. Tuseme wapiga kura wa jiji ni 1,000, na kati yao 210 wamekubaliana kumpa mgombea wao kura zote nne. Mgombea huyo anapata kura 840. Waliobaki ni 790, wenye jumla ya kura 3,160. Hata wakizigawa kwa usawa kamili kwa wagombea wanne, kila mmoja anapata 790 tu. Kwa hiyo kundi linalozidi kidogo sehemu moja ya tano ya wapiga kura, likishikamana, haliwezi kunyimwa kiti kimoja katika vinne. Ondoa ruhusa ya kulimbikiza kura, mwambie kila mtu ampe kila mgombea kura moja tu, na mgombea yuleyule anabaki na kura 210 dhidi ya 790. Waislamu hawajapungua hata mmoja na mapenzi yao hayajabadilika, ila kiti kimetoweka.

Bunge lilifanya hivyo hasa. Katika mwaka 1893, huku habari za Effendi kutaka kugombea zikiwa zimeenea, lilirekebisha katiba na kuufuta ulimbikizaji wa kura katika uchaguzi wa wabunge wa Cape Town. Effendi aligombea mwaka 1894 na akashindwa. Mtu anayedai kwamba Bunge la Rasi lilikosa wajumbe wasio Wazungu kwa sababu hawakujitokeza au hawakuwa tayari lazima kwanza aujibu mwaka huo mmoja. Mgombea alikuwapo, wapiga kura walikuwapo, na kanuni iliyowapa nafasi ilikuwa na umri wa miaka 40. Kilichobadilika ni kanuni. Katika mwaka huohuo wa 1894, sheria ya Glen Grey iligawa mashamba kwa Waafrika mmoja mmoja, kisha ikatamka kwamba mashamba hayo hayatahesabiwa katika sifa za mpiga kura. Hivyo hata Mwafrika aliyeiacha ardhi ya pamoja kama serikali ilivyomtaka hakupata kura kwa kufanya hivyo.

Mwaka 1909 mkataba wa kuunganisha makoloni manne ya Afrika Kusini ulipelekwa London. Ndani yake, kwa mara ya kwanza, sifa ya mbunge iliandikwa kwa asili: awe mtu wa asili ya Ulaya. William Schreiner, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Rasi, alikwenda Uingereza kupinga, na walikuwako pia Jabavu, mchungaji Mwafrika Walter Rubusana na daktari Abdullah Abdurahman. Bunge la Uingereza liliwasikiliza kisha likapitisha sheria bila kukibadili kifungu hicho.

Wapiga kura Waafrika wa Rasi walibaki katika daftari kwa muda, na sharti la asili halikuwekwa kwa Baraza la Mkoa wa Rasi, lililoshughulikia shule, hospitali na barabara. Mwaka 1910 Rubusana aligombea humo kwa jimbo la Thembuland dhidi ya Wazungu na akashinda. Mwaka 1914 alitetea kiti chake, lakini safari hii Jabavu naye alijitokeza kugombea, kura za Waafrika zikagawanyika kati yao wawili, na kiti kikachukuliwa na mgombea wa Kizungu. Mwaka huohuo Abdurahman, mjukuu wa watumwa waliojikomboa, alichaguliwa kuingia katika baraza hilohilo la mkoa, na akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1940.